Saa ya Bibi Iko Mbele

Asubuhi ile mwanga ulikuwa umelala juu ya maji ya bandari yako kama tone la mafuta ya injini. Ulitanuka, ukatetemeka, ukageuka zambarau, ukageuka dhahabu, lakini haukuzama. Ulikaa juu tu. Mafuta nayajua, ndiyo kazi yangu: napaka grisi, nafuta mabomba, nainywesha injini ya meli ya mizigo kabla haijalia njaa. Kwa hiyo nilipouona mwanga ule, nimeegemea ubavu wa meli, nikauambia kimoyomoyo: karibu, mwenzangu. Na wewe umefika kwenu, na wewe huchanganyiki.

Shikamoo, mji. Nakuamkia kwa adabu kwa sababu wewe ni mzee. Kuta zako zina umri ambao hata wanaoziandikia vibao hawajakubaliana. Mimi ni mjukuu wako wa siku arobaini. Kila baada ya siku arobaini nakuja, nakaa saa sita, naondoka. Hata mafua hukaa zaidi ya hapo.

Meli hufunga kamba saa nne asubuhi, huondoka saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu kila mtu wa injini awe ameshashuka chini kwenye joto lake. Saa sita za kwako, siku arobaini za maji. Ukizigawanya vizuri, mji, utaona kwamba mimi nimekuzaa moyoni zaidi kuliko ulivyonizaa wewe.

Lakini safari hii nilikuja na karatasi mfukoni.

Nahodha alikuwa amenipa siku tatu nyuma, imekunjwa mara nne. Kazi ya miaka mitatu, meli kubwa, njia nyingine kabisa, bandari ambazo majina yake yanahitaji kunywa maji kwanza. Meli hiyo haitapita kwako hata kwa kupotea. Akataka jibu kabla hatujaondoka hapa. Nikitia sahihi, naenda. Nisipotia, nabaki na injini yangu kuukuu na siku zangu arobaini.

Na mimi, kwa kuwa nafanya mzaha hata na maisha yangu mwenyewe, niliweka sharti ambalo sikumwambia mtu. Nikisikia neno moja tu leo, kutoka kwa mtu mmoja tu, sitii sahihi. Neno lenyewe si zito. Halijazi hata kijiko cha chai.

Kaa kidogo.

Zamani nyumba yetu ilikuwa inalitoa neno hilo kama bawaba inavyotoa mlio. Ukisimama, kaa kidogo. Ukitafuta kiatu, kaa kidogo. Umefika mlangoni, umeshaaga, mguu mmoja uko nje: kaa kidogo, kwani unakimbizwa? Bibi ndiye aliyekuwa bingwa. Mpaka siku ile, miaka mitatu iliyopita, niliposimama nirudi kwenye meli yangu ya kwanza, naye akasema kaa kidogo, chai inachemka. Nikakaa. Nikanywa. Nikajinyoosha kidogo kwenye kochi, macho yakanisaliti. Nilipofika bandarini, meli ilikuwa ndogo kama kidonge, na bahari ilikuwa inakimeza.

Kazi iliishia pale. Miezi minane nilikaa nyumbani, kochi likachukua umbo langu, na kila Bibi aliponitazama alikuwa kama mtu anayetazama chombo alichokivunja kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hakulisema tena. Shangazi hakulisema. Rafiki yangu hakulisema. Walilizika kimyakimya, na mazishini hawakunialika.

Basi nikashuka, mji. Nikashuka bila saa na bila simu, maana simu yangu ilianguka kwenye ndoo ya dizeli wiki iliyotangulia, ikafa bila kuaga. Nikasema nitatazama mnara wako. Nilikuwa nimesahau. Saa ya mnara wako ilisimama zamani, saa sita kasoro dakika nne, na kwa kuwa kila kitu chako ni cha kale na kinalindwa, hakuna wa kuigusa mpaka kamati ikae, na kamati ikikaa haitimii. Kwa hiyo kwako daima ni saa sita kasoro dakika nne. Daima chakula kinakaribia, na hakuna anayepakua.

Chini ya mnara akanidaka mtembeza wageni, kitambulisho shingoni, meno yote nje. Karibu mgeni, akasema, akautazama mfuko wangu wa safari, akaniahidi kunionyesha nyumba za kale. Ningemwambia nimezaliwa kona ya tatu kutoka hapo. Lakini mdomo wangu una tabia zake. Nikasema haya, nitembeze.

Akanitembeza. Akanipitisha kwenye vichochoro ambavyo magoti yangu yaliachia ngozi utotoni, akaniambia niangalie nisijikwae. Akanifikisha mbele ya mlango wetu. Humu, akasema kwa sauti ya chini, waliishi watu wa ukoo mkubwa, watu wa kimya sana, watunza siri. Nikamkumbuka Shangazi anavyogombana na cherehani yake mpaka mtaa wa pili unajua uzi umekatika. Nikamuuliza, na hao watu walikwenda wapi? Akasema, walishaondoka, kaka. Kitambo.

Nilicheka mpaka akaniona nina kasoro. Halafu nikanyamaza ghafla, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga pasipo na kipago.

Juu, upande wa pili wa uchochoro, mtu alikuwa anacheka pia. Alikuwa Chokaa, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, amekaa kwenye jukwaa la miti na mwiko wake, anakandika ukuta wa jirani kwa chokaa ya kulowekwa, maana saruji kwako ni haramu. Mikono myeupe, kope nyeupe, nywele nyeupe. Kila nikija amezeeka, kila akioga anarudi kijana. Akaniita kwa jina alilonipa mwenyewe, Grisi, akauliza kama sasa napotea mpaka nakodi mtu wa kunirudisha kwetu.

Akashuka, tukakaa juu ya mifuko ya chokaa. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka mate yanakauka; siku ile niliyaona maneno yetu yanatembea kwa tahadhari, kama wageni wako kwenye mawe yanayoteleza. Akanieleza habari za watu ambao siwajui. Nikamweleza habari za watu asiowajua. Tukacheka kwa zamu. Na kabla sijamaliza kumwambia jinsi mpishi wetu alivyotia chumvi kwenye chai ya nahodha, alikuwa ameshaniuliza lile swali.

Unaondoka saa ngapi?

Ndiyo salamu yangu siku hizi, mji. Wengine huulizwa wameamkaje. Mimi naulizwa naondoka saa ngapi.

Nikapanda ngazi zetu thelathini na mbili. Juu kabisa, dirishani, kwenye kiti ambacho magoti yake yalimfungia tangu mwaka juzi, alikuwa Bibi. Mikono yake ilifunguka kabla sijafika. "Mume wangu," akasema, na kwa muda mfupi, pua yangu ikiwa kwenye kanga yake, nilikuwa nimefika kweli.

Kisha Shangazi akaniletea kikombe. Kikombe cha wageni, kile cha ua la buluu, ambacho tulikuwa tunachapwa tukikigusa. Nikaonyeshwa kiti kizuri. Nikapewa taulo jipya. Kitanda changu nilikikuta kimebeba majora ya vitambaa vya Shangazi mpaka karibu na dari, na nilipokitazama aliniomba radhi, Shangazi yangu mimi, aliyewahi kunifukuza na ufagio nyumba nzima. Ukitaka kujua umepotea kwenu, mji, subiri siku Shangazi yako atakapokuomba radhi.

Ukutani, juu ya cherehani, ile saa ya duara yenye kioo kikubwa ilikuwa inasema saa saba kasoro robo. Nilishtuka. Nilidhani bado sana. Nikajilaumu kwa mtembeza wageni, nikajilaumu kwa mifuko ya chokaa. Saa zako zilikuwa zinakimbia kama zinanikwepa.

Nikafanya nilichozoea. Nikawachekesha. Nikaigiza nahodha anavyokunywa chai ile ya chumvi, anavyoikazia uso kwa sababu cheo hakimruhusu kutema. Bibi akacheka mpaka akatafuta ncha ya kanga afute macho. Shangazi akalalia cherehani. Nami katikati ya kicheko chao nilikuwa na karatasi mfukoni, inanichoma kama kaa la jikoni. Kila nilipotaka kuitoa, niliona nyuso zao zimeshajiandaa. Mchekeshaji ana taabu yake: akifungua mdomo, watu wanatayarisha meno.

Na katikati ya kila kicheko, jicho la mtu lilikwenda ukutani. La Bibi. La Shangazi. Hata la Chokaa, aliyepanda kunywa maji, akasimama mlangoni asije akachafua sakafu. Unaondoka saa ngapi? Saa tisa na nusu uwe chini, siyo? Basi kula. Basi kula haraka.

Shangazi akavua futi yake shingoni, akanipima mabega kwa shati jipya. Zamani hakuhitaji kunipima, alikuwa ananikatia kwa macho. Akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, sindano mdomoni, akasema ukija siku arobaini zijazo utalikuta tayari. Nilisimama mikono imenyooshwa kama nguo kwenye kamba. Siku arobaini zijazo.

Saa ya ukutani ikafika tisa.

Nikasimama polepole. Nikavaa kiatu cha kulia, nikakifunga. Nikavaa cha kushoto, nikakifunga. Nikakifungua, nikasema kamba imejisokota, nikakifunga tena. Nikatafuta kofia nikiwa nimeivaa. Nikafika mlangoni, nikarudi kuaga upya, nikafika tena. Nilikuwa nawapa nafasi, mji. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti kama mtu anayesubiri mvua ianze ili apate sababu ya kubaki.

"Nenda, mume wangu," Bibi akasema. "Usije ukaachwa."

Nikashuka ngazi thelathini na mbili. Nilizihesabu zote, na hakuna hata moja iliyoniita.

Bandarini mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia la vitunguu, anamenya viazi. Akanitazama mimi, akalitazama jua, akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia nimewahi kidogo. Akacheka. Saa nane na robo, akasema, hiyo ni kidogo ya wapi? Nikaingia jikoni kwake kuhakikisha. Saa nane na robo. Nikachungulia chumba cha nahodha. Saa nane na dakika kumi na sita.

Saa ya nyumbani ilikuwa mbele kwa saa nzima. Saa ile haina ugonjwa. Naijua tangu utotoni, haijawahi kukosea hata dakika tano. Ilikuwa imesukumwa. Vidole vya mtu viliushika mshale ule, vikausukuma, ili niondoke.

Ningeweza kurudi. Robo saa tu ya kupanda. Lakini unarudije kwenye nyumba iliyokusukumia saa? Unaingia unasema nini? Hodi, nimekuja kumalizia muda mlioutupa?

Watu wengine hufukuzwa kwa fimbo. Mimi nilifukuzwa kwa kikombe cha ua la buluu, taulo jipya, na mshale wa saa. Walinifukuza kwa heshima zote.

Nikakaa kwenye ngazi ya meli, nikaikunjua karatasi juu ya goti. Kalamu nilimwomba mpishi. Ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye daftari lake la stoo, ikabidi daftari lije pamoja nayo, lenye harufu ya vitunguu. Nikaandika tarehe. Nikaitazama sana tarehe ile. Chini yake mstari ulikuwa umelala, mrefu, mweupe, unanisubiri kwa subira kuliko mtu yeyote mjini kwako. Mpishi aliimba, akanyamaza, akamenya gunia zima la kimya changu. Jua likasogea. Nikaweka ncha ya kalamu mwanzoni mwa mstari.

Mwanga ukanipiga machoni.

Haukutoka baharini. Ulitoka mjini, kutoka mdomo wa barabara inayoshuka gatini. Ulinipiga, ukaruka ukutani, ukarudi, ukanipiga tena, kama mtu anayenikonyeza kwa jua. Nikakinga macho kwa daftari la stoo. Nikaona wageni wako wa kofia wanapisha njia, wanainua kamera. Nikaona toroli.

Chokaa alikuwa analisukuma, mishipa ya shingo imemtoka. Nyuma yake Shangazi anakimbia, futi inapepea shingoni, kandambili za Bibi mkononi. Na ndani ya toroli, juu ya jora zima la kitambaa kizuri, mweupe kwa vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi, amenyooka kama waziri anayekagua gwaride, alikuwa Bibi. Bibi ambaye hakuwa ameshuka ngazi tangu mwaka juzi. Mapajani mwake alikuwa ameikumbatia saa ya ukutani, na kioo chake ndicho kilichokuwa kinanitafuta.

Shangazi alinieleza huku anahema. Mteja wake wa saa nane na nusu alikuwa amefika, na saa ya ukutani ikasema tisa na nusu. Shangazi akaanza kumpa yake kwa kuchelewa. Mteja akainua simu, akamwonyesha. Shangazi akaigeukia saa. Bibi akainamia vidole vyake. Ndipo Bibi akakiri: jana jioni alimwomba Shangazi ampe ile saa aifute kioo, akaisukuma dakika ishirini, ili mume wake asije akaachwa tena. Shangazi akakaa chini, maana yeye naye, alfajiri, alikuwa ameisukuma dakika ishirini. Na dirishani, kutoka kwenye jukwaa lake, Chokaa akauliza kwa sauti ndogo kama kuna tatizo, kwa sababu na yeye, alipopita asubuhi kunywa chai, alisukuma kidogo. Dakika ishirini tu.

Kila mmoja kwa siri. Kila mmoja kwa hofu ileile. Ndipo Chokaa akambeba Bibi mgongoni ngazi thelathini na mbili.

"Mume wangu," Bibi akasema kutoka kwenye toroli, "tumekuibia saa nzima. Nimekuletea."

Nikasema angemtuma tu mtu. Hakuna aliyecheka. Alikuwa anaitazama karatasi.

"Na hiyo nini?"

Nikawaambia. Miaka mitatu, meli kubwa, njia isiyopita hapa. Nikawaambia na lile sharti langu, na neno nililokuwa nalisubiri mlangoni huku nafunga kiatu mara tatu. Nilisema yote bila kutia utani hata punje. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni, kama kikombe cha wageni.

Chokaa akajifuta jicho kwa mkono wenye chokaa, ikamwasha, akapata kisingizio cha kulia vizuri. Shangazi akasema kitambaa ameshakikata, na lile shati haliwezi kumwenea mtu mwingine, kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye mabega ya kipuuzi kama yale.

Bibi aliinamia saa. Kidole chake kilikuwa kinazunguka ukingo wa kioo.

"Lile neno lilikupotezea kazi," akasema. "Niliapa sitalirudia mpaka nife. Kila ukisimama linanijaa mdomoni, nalimeza. Leo nimelimeza mara tatu. Ile mara ya kofia karibu linishinde."

"Bibi, lile ndilo nililolifuata."

"Basi sitaki uende miaka mitatu. Ukitaka kwenda, nenda, lakini ujue kuna mtu hataki." Akaweka mkono wake mweupe juu ya mkono wangu mweusi wa grisi. "Kaa kidogo," akasema, taratibu, kama mtu anayekanyagia mguu uliotoka kwenye plasta. "Bado nusu saa."

Nikakaa. Nilikaa chini gatini, mgongo kwenye gurudumu la toroli, na sikumchekesha mtu. Hatukusema mambo ya maana. Bibi aliuliza kama huko chini kuna joto. Nikasema ndiyo. Akauliza kama naogopa. Nikasema, siku nyingine. Hakuna aliyetazama saa, na saa ilikuwa mapajani pake.

Nahodha nilimrudishia karatasi yake ikiwa na tarehe bila jina. Akasema kazi kama ile haiji mara mbili. Nikamwambia najua. Na najua kweli, mji. Sikushuka kwenye injini huku naimba. Miaka mitatu ile ilikuwa na bandari zake, na sitaziona. Siku arobaini zangu hazikupungua hata moja. Kitanda changu bado kimelaliwa na majora.

Chokaa alikuwa anataka kuirudisha mishale nyuma. Nikamwambia aiache hivyohivyo, ila wakubaliane ni zamu ya nani kusukuma, tusije tukafika keshokutwa.

Saa kumi honi ikalia. Mtu wa injini haoni mji wake ukiondoka. Anausikia tu, kwa jinsi sakafu inavyoanza kutetemeka. Nilikuwa chini, na kopo la grisi, kwenye kelele inayomfanya kila mtu awe peke yake. Juu ya ngazi ya chuma tunauacha mlango wazi kwa ajili ya hewa. Jua halijawahi kuingia mlango ule.

Kipande cha mwanga kikaingia. Cha duara, kidogo, kinatetemeka kama mkono wa mtu mzee. Kikapapasa ukuta wa chuma, kikapotea, kikarudi chini zaidi, kikalipata bomba, kikapata bega langu. Nikaweka kopo chini. Nikanyoosha kiganja, chenye mafuta ya siku nzima, na mwanga ukakaa juu yake. Haukuteleza. Haukuelea. Ulitulia pale, juu ya grisi na ndani ya mikunjo ya ngozi, mpaka nikashindwa kujua mafuta yanaishia wapi na wenyewe unaanzia wapi.

Kisha meli ikageuza pua, na mwanga ukatoka.

Nikabaki nimekinga mkono, mji wangu, kwenye joto na kelele, kama mtu anayengoja kupakuliwa. Nikahesabu kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kunisikia.

Siku ya kwanza.